Samadi inayowasha pua inapoteza mali

Kutoka maboma ya wafugaji wa Kajiado, kusini mwa Kenya, samadi ya ng'ombe hupakiwa kwenye malori na kupelekwa kwa wakulima wa nyanda za juu. Huuzwa kwa gunia au kwa lori. Lakini mkulima hanunui uzito. Ananunua virutubisho, na kimojawapo kikubwa ni naitrojeni, ambayo mizani haiioni.

Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hutoka kwenye mkojo. Urea iliyomo, ikikutana na vijidudu vya kinyesi, hugeuka amonia ndani ya saa au siku chache. Amonia ni gesi. Samadi ikiachwa juani na kupigwa na upepo, amonia hupaa, na ndiyo harufu ile inayowasha macho na pua. Samadi ya kuku, kwa kuwa ina naitrojeni nyingi zaidi, huweza kupoteza amonia nyingi.

Dawa yake ni kuiozesha pamoja na mabua ya mahindi, majani makavu au maranda. Vitu hivi vina kaboni, chakula cha vijidudu, ambavyo huzaliana na kuifunga naitrojeni katika miili yao. Uwiano unaofaa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Lundo hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Joto likishuka, bakteria wengine hugeuza amonia kuwa naitreti, chakula cha mimea. Naitreti haipai, ila huyeyuka: mvua ikilinyeshea lundo lisilofunikwa, huondoka na maji.

Tuchukue mfano wa kilo 1,000 za samadi kavu yenye naitrojeni asilimia 2, yaani kilo 20. Ikiiva, uzito wake ukibaki kilo 500 na naitrojeni kilo 14, kiwango kimepanda hadi asilimia 2.8. Jumla imepungua, lakini kila gunia lina nguvu zaidi, na safari ya lori inabeba mali nyingi kuliko awali.

Mnunuzi aingize mkono katikati ya gunia. Mboji iliyoiva ni nyeusi au kahawia, haina joto na hunukia udongo. Ikiwasha pua, haijaiva na bado inapoteza naitrojeni njiani. Ikichuruzika, analipia maji. Muuzaji naye afunike lundo na lori kwa turubai.

Anayetaka kuvuka mpaka na mzigo huo awaulize kwanza maofisa wa mifugo na wa afya ya mimea wa pande zote mbili kuhusu vibali, kwani samadi mbichi huweza kubeba magonjwa. Ni afadhali kuuliza kabla ya kupakia kuliko kuzuiliwa na lori limeshajaa.