Baridi, Chakula na Unene: Funzo Kutoka kwa Panya

 

Mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali huku kwetu milimani, mama mmoja alileta mtoto wa miezi minne kliniki. Mtoto alikuwa amevaa fulana tu, miguu baridi kama jiwe. Nilipouliza sababu, mama akajibu: "Sista, nimesikia baridi huyeyusha mafuta, na huyu wangu amenenepa sana." Tulimfunika mtoto kwanza, kisha tukazungumza. Leo nataka tuzungumze sote.

Jambo alilosikia mama huyo limechunguzwa sana kwa panya wadogo wa maabara. Mwili huchoma chakula kama jiko linavyochoma makaa. Sehemu hutupa nguvu, sehemu hutupa joto, na kinachozidi huwekwa kuwa mafuta. Kazi hii yote huitwa metaboli.

Panya hao wana uzito wa gramu 30 hivi. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, kama chai ya kikombe inavyopoa kabla ya ile ya sufuria. Panya hustarehe kwenye joto la digrii 30 hivi, lakini maabara nyingi huwaweka kwenye digrii 20 hadi 24, joto linalowafaa watu wanaofanya kazi humo. Kwa panya hiyo ni baridi. Basi usiku na mchana huchoma chakula apate joto, na inambidi ale zaidi.

Joto hilo hutoka hasa katika mafuta ya rangi ya kahawia. Mafuta meupe ni ghala, haya ya kahawia ni jiko. Mwaka 1997 wanasayansi walieleza kwamba panya waliokosa protini inayowasha jiko hilo hawakunenepa, jambo lililowashangaza wengi. Mwaka 2009 watafiti wa Stockholm, Sweden, waliwaweka panya wa namna hiyo kwenye joto la digrii 30. Sasa wakanenepa, na waliolishwa mafuta mengi wakanenepa zaidi. Kumbe baridi ilikuwa imewalazimisha wale wa kwanza kuchoma chakula kwa njia nyingine, kama vile kutetemeka.

Je, sisi watu? Mtu mzima ana sweta na blanketi, hakai kwenye baridi usiku na mchana kama panya. Ukioga maji baridi ili upungue, chapati mbili zitarudisha yote. Na ukiambiwa dawa fulani ya unene imefaulu kwa panya, usikimbilie kuinunua. Punguza mafuta ya kukaangia, soda na sukari. Ongeza mboga, maharagwe na matunda, na utembee kila siku.

Lakini mtoto mchanga ndiye anayefanana na panya. Mwili wake ni mdogo, na hawezi kutetemeka vizuri. Hutegemea mafuta ya kahawia yaliyo shingoni na kati ya mabega. Akipata baridi, maziwa ambayo yangemkuza huchomwa kuwa joto. Akizidi kupoa hulegea, hushindwa kunyonya, na anaweza kufa. Tena mama, mtoto anayenyonya maziwa yako pekee akinona, usimnyime maziwa wala nguo.

Fanyeni hivi. Mtoto akizaliwa, mwekeni kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na msimwogeshe kabla ya saa 24 kupita. Mvisheni kofia na soksi, na mbadilishe nepi ikilowa. Msiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, moshi wake huua. Na ninyi mlio Mombasa au Garissa, msimfunike kupita kiasi. Gusa kifua chake: kikiwa na jasho, punguza nguo. Kikiwa baridi, naye amelegea au hanyonyi, mweke ngozi kwa ngozi na umkimbize kituo cha afya.

Mama yule alirudi mwezi uliofuata. Mtoto alikuwa na kofia na sweta, na uzito ulikuwa umeongezeka vizuri. Mama akacheka, akasema, "Sista, huyu si panya wa maabara."

Hadi tutakapokutana tena, kwaherini.