Mtoto kapimwa akili, kapata 68: inamaanisha nini hasa?

Chukulia mtoto wa darasa la tatu wa Gongoni, Manispaa ya Tabora. Kusoma kunamsumbua, na mwalimu amemshauri mama yake ampeleke kwa mtaalamu akapimwe akili. Majibu yanatoka: 68. Kabla mama hajafika nyumbani, mtaani wameshasema, "Kumbe mtoto mwenyewe hana akili."

Namba hiyo inaweza kumpatia mtoto msaada aliokuwa akiukosa. Inaweza pia kumwondoa kwenye darasa lake na kumbandika jina litakalomfuata mpaka ukubwani. Tofauti iko kwenye mambo mawili: kipimo kilifanyikaje, na nani kaisoma namba.

Kilianza kama njia ya kusaidia

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa njia tofauti. Mwaka uliofuata, mwanasaikolojia Alfred Binet na daktari Théodore Simon walitoa maswali 30, yaliyopangwa kuanzia mepesi hadi magumu.

Binet alionya kwamba matokeo yasichukuliwe kuwa ni akili isiyobadilika. Aliamini mtoto aliyebaki nyuma anaweza kufundishwa akasonga mbele. Onyo hilo halikusikilizwa kila mahali. Kipimo kilipofika Marekani kikaanza kutumika kuwapanga watu madaraja, wakiwamo wahamiaji waliopimwa hata lugha ya nchi hawajaijua vizuri.

Alama 100 si asilimia

Wengi husoma alama ya IQ kama ya mtihani wa shule, kwamba 68 ni 68 kwa 100. Siyo hivyo. Alama hii inamlinganisha mtoto na watoto wengine wa umri wake. Wastani wa kundi hilo hupewa 100. Takriban theluthi mbili ya watoto huwa kati ya 85 na 115, na wawili hivi katika kila 100 huwa chini ya 70.

Sasa swali ni moja: watoto wengine wepi? Vipimo vya watoto vya Wechsler, vilivyotoka mara ya kwanza mwaka 1949 na vinavyojulikana sana duniani, viliwekewa wastani kwa kutumia watoto wa Marekani. Nchi nyingine zikatengeneza wastani wake baadaye. Mtoto wa Gongoni akipimwa kwa jedwali la Marekani, analinganishwa na mtoto wa Chicago, si na mwenzake wa Cheyo au Ng'ambo.

Tena hakuna kipimo kisichoyumba. Mtoto yuleyule akipimwa tena, alama inaweza kupanda au kushuka pointi 5 au 6 bila chochote kubadilika kichwani mwake. Ripoti nzuri haiandiki 68 peke yake. Inasema alama yake iko mahali fulani kati ya 62 na 74. Hapo mstari wa 70 unapita katikati.

Chumbani kunatokea nini

Mtoto hukaa na mpimaji, mara nyingi wawili tu. Huulizwa maana za maneno, hupanga vitofali kwa kufuata picha, hurudia namba alizosomewa, na hutafuta alama zinazofanana huku saa ikihesabu. Mpimaji anatakiwa kusoma maelekezo kama yalivyoandikwa na asisaidie kujibu. Akibadilisha, alama inakosa pa kulinganishwa.

Lugha ndiyo kikwazo cha kwanza. Bibi nyumbani anaongea Kinyamwezi, shuleni ni Kiswahili, na kipimo kimeandikwa kwa Kiingereza. Mpimaji akitafsiri papo hapo, swali linaweza kuwa jepesi au gumu kuliko lilivyokusudiwa. Hata kurudia namba si kulekule: sita, saba na nane zina silabi mbili mbili, wakati majina mengi ya namba za Kiingereza yana silabi moja, na maneno marefu hushikika kwa shida zaidi.

Kuna malezi pia. Mtoto aliyefunzwa kumwamkia mkubwa kwa heshima, kusubiri aulizwe na kutokukurupuka, atajibu polepole au atanyamaza kabisa. Kwenye karatasi ya mpimaji, kimya ni sifuri. Baadhi ya maswali yanalipa kasi, na huyu ameambiwa toka mdogo kwamba haraka haraka haina baraka.

Halafu kuna mazoea. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti uliowapima watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza waliwazidi. Kwa waya, Wazambia waliwazidi wao, kwa sababu kutengeneza magari ya waya ndio mchezo wao. Kwa udongo wakalingana. Watoto ni walewale. Kilichobadilika ni kitu walichopewa mkononi.

Somo la Bagamoyo

Bagamoyo, ncha ya pwani ya ile njia ya misafara iliyopita Tabora, ilitoa somo jingine. Mwaka 2002 Robert Sternberg wa Marekani, pamoja na wenzake akiwamo Damaris Ngorosho, walichapisha matokeo ya kupima watoto wa shule za huko wenye miaka 11 hadi 13. Kazi zilikuwa kama kupanga kadi kwa makundi na kutambua kitu kwa kuuliza maswali machache.

Kundi moja la watoto, 358, lilipimwa, likafundishwa mbinu za kazi hizo kwa muda usiofika saa moja, kisha likapimwa tena. Kundi jingine lilipimwa mara mbili bila kufundishwa.

Waliofundishwa walipanda zaidi. Kubwa kuliko hilo, mpangilio wao ulibadilika sana: aliyekuwa chini mwanzoni si lazima awe chini mara ya pili. Kwa wasiofundishwa, mpangilio ulibaki karibu uleule.

Maana yake, alama ya mara ya kwanza ilikuwa imebeba ugeni mwingi. Ilionyesha nani kashazoea maswali ya namna ile, lakini haikuonyesha vizuri nani anashika akielekezwa. Na kwa mwalimu, hilo la pili ndilo la kujua.

Akili ya wapi?

Usenge nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria, Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 ujuzi wa dawa za mitishamba: zinatoka wapi, zinatibu nini, zinatumiwa kiasi gani. Matokeo yalichapishwa 2001. Waliofanya vizuri kwenye dawa walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati wa Kiingereza na masomo. Muda na bidii vilikwenda kule familia zilikoona kuna faida.

Wajaluo wa eneo hilo wana maneno kadhaa yanayogusa akili. Rieko ni ujuzi na uwezo wa kichwani, lakini luoro, yaani heshima na kujali wengine, nayo inahesabiwa. Kiswahili hakiko mbali: mzazi akisema mtoto "ana akili", mara nyingi anamaanisha pia kwamba anatumwa akarudi na chenji kamili. Vipimo vingi vya IQ haviulizi hilo.

Tumbo, damu na masikio

Alama inabeba pia afya. Embu, Kenya, watoto waliopimwa 1998 kwa kipimo cha maumbo walipata alama za juu sana kuliko waliopimwa 1984. Miaka 14 haitoshi kubadilisha damu ya watu. Watafiti walitaja lishe bora na wazazi waliosoma zaidi miongoni mwa sababu zinazowezekana. Pemba, utafiti uliotoka 2001 ulionyesha kwamba kuwapa watoto wadogo madini ya chuma kulisaidia maendeleo yao ya lugha.

Na kabla ya akili kuna masikio na macho. Tabora inalijua hili kuliko miji mingi, maana ndiko ilikoanzishwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963. Mtoto asiyesikia vizuri hujibu ovyo, huchelewa kusoma, na huitwa mzito. Ukimpima akili kwa maswali ya mdomo, umepima masikio.

Kwa hiyo 68 itupwe?

Hapana. Kipimo kilichofanywa vizuri kinaweza kuonyesha kwamba mtoto anaelewa vizuri ila anakwama kwenye kusoma tu, au kwamba kweli anahitaji mafunzo ya taratibu na mwalimu maalumu. Kumnyima msaada kwa sababu ya kuogopa maneno ya mtaani nako ni kumuumiza.

Ila ulemavu wa akili hautangazwi kwa namba peke yake. Utaratibu wa kitaalamu unataka mambo mawili yaonekane pamoja: alama za chini, na ugumu katika maisha ya kila siku, kama kuvaa, kuwasiliana, kucheza kwa kufuata kanuni au kutumwa dukani. Mtoto mwenye 68 anayeuza karanga stendi na kupiga hesabu ya chenji bila kukosea anahitaji kuangaliwa upya.

Mzazi aliyepewa karatasi ya majibu ana haki ya kuuliza:

- Mtoto kapimwa kwa lugha gani, na kipimo kilitafsiriwa na nani?
- Kalinganishwa na watoto wa nchi gani?
- Masikio na macho yalipimwa kwanza? Siku hiyo alikuwa mzima, ameshiba?
- Alama imeandikwa na masafa yake, kutoka ngapi hadi ngapi?
- Sehemu gani alifanya vizuri, na ipi ilimshinda?
- Mwalimu na nyumbani waliulizwa anaishije siku nzima?
- Baada ya hapa afundishwe nini, na atapimwa tena lini?

Swali la mwisho ndilo kazi aliyoitwa Binet kuifanya. Ripoti isiyolijibu imempa mzazi namba tu, na bado hajaambiwa kesho asubuhi mtoto aanze kufundishwa nini.