Kiswahili katika Kufunza Hifadhidata: Mfano wa Daftari la Mahindi la Tongaren

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: mwanagenzi anayejifunza kuandika programu za tovuti na hifadhidata kwa kitabu cha mwongozo kilichoandikwa kwa Kiingereza hukwamishwa na nini hasa? Jibu linalotolewa aghalabu ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja itakayotetewa hapa ni tofauti. Istilahi zipo, na kwa dhana nyingine zimekuwa nyingi kupita haja. Kinachopungua ni maelezo, yaani nathari ya kufundishia inayomchukua msomaji kutoka katika jambo analolijua hadi katika jambo asilolijua.

Mfano utakaotumiwa ni wa Tongaren, katika jimbo la Bungoma, mpakani mwa Trans Nzoia, ambako mji wa Kitale uko. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru wa Kenya wa mwaka 1963 iligawiwa wakulima Waafrika kwa mipango ya makazi. Kila shamba lilipewa namba ya ploti. Mtoto wa Tongaren huanza na Lubukusu, Lutachoni au lugha nyingine ya nyumbani, hukutana na Kiswahili sokoni na shuleni, na husoma masomo mengi kwa Kiingereza. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Kwa hiyo swali la lugha ya maelezo si la wataalamu wachache tena. Linamhusu kila mwalimu atakayesimama darasani na somo hilo.

2. Lugha tatu ndani ya kitabu kimoja

Kitabu cha mwongozo wa hifadhidata huwa na matabaka matatu ya lugha, na yafaa yatenganishwe. La kwanza ni amri za mashine. La pili ni majina ambayo mwandishi wa programu huyachagua mwenyewe. La tatu ni maelezo. Tazama sentensi ifuatayo ya SQL, lugha iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1970, kwa kufuata nadharia aliyoitoa Edgar Codd mwaka 1970:

(1) SELECT jina FROM wakulima WHERE sehemu = 'Ndalu';

Maana yake ni: teua jina kutoka katika jedwali la wakulima ambao sehemu yao ni Ndalu. Maneno matatu tu ni ya Kiingereza, nayo hayabadiliki. Mengine yote ni ya Kiswahili au ni jina la mahali, na mashine huyapokea bila taabu. Ni dhahiri basi kwamba amri si kikwazo kikubwa. Mchezaji wa mpira hahitaji kujua Kiingereza ili aelewe penalti. Huijua kwa kuiona ikipigwa. Hali kadhalika, mwanagenzi huzizoea amri kwa kuzitumia.

Kikwazo kiko katika tabaka la tatu. Kiingereza cha maelezo hutumia maneno ya kila siku kwa maana ngeni: "table" si meza, "string" si uzi, "key" si ufunguo wa kufuli. Mwenye Kiingereza cha nyumbani hujua mara moja kwamba neno limehamishwa maana. Mwanagenzi wa Tongaren hulazimika kwanza kukumbuka meza, kisha kuisahau. Neno la Kiswahili "jedwali" humwondolea mzigo huo, kwa kuwa amelijua tangu hesabu za shule ya msingi na halina maana ya samani.

3. Jina na namba

Vitabu vingi vya mwongozo hutumia mfano wa duka lenye wateja, bidhaa na maagizo. Mfano huo si mbaya, lakini huficha tatizo ambalo mfano wa Tongaren hulidhihirisha papo hapo. Chukuliwa kwamba wakulima wa sehemu moja wanapeleka mahindi yao kwenye ghala moja, na karani anataka kuyaandika magunia ya kilo 90 yaliyopokelewa, ili kila mkulima alipwe haki yake. Karani akianzisha jedwali lenye safu ya jina na safu ya magunia peke yake, atakwama kabla ya adhuhuri.

Sababu yake ni desturi ya majina. Wabukusu humpa mtoto jina kwa kufuata majira aliyozaliwa. Wafula na Nafula huzaliwa wakati wa mvua. Wekesa na Nekesa wakati wa mavuno. Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. Simiyu wakati wa kiangazi. Majina hayo yana maana nzuri, lakini humweleza mtu kwa majira yake, wala hayamtengi na wenziwe. Akina Wafula wanaweza kuwa kumi katika foleni moja. Malipo yakiandikwa kwa jina tu, Wafula mmoja atapokea fedha za mwingine, na hakuna mashine itakayoliona kosa hilo, kwa kuwa mbele ya mashine hakuna kosa.

Hapa ndipo dhana ambayo Kiingereza huiita "key" inapohitajika. Tafsiri ya "ufunguo" imekwisha kutumiwa, lakini humpotosha mwanagenzi, maana kitu hicho hakifungui chochote. Kazi yake ni kutambulisha: kila safu ya jedwali iwe na alama moja isiyopewa safu nyingine yoyote. "Namba tambulishi" huieleza kazi hiyo kwa uwazi zaidi. Wakazi wa Tongaren hawana haja ya kufundishwa umuhimu wake, kwa kuwa namba ya ploti imewafundisha tangu wazazi wao walipohamia huko.

Hata hivyo namba ya ploti haifai kumtambulisha mkulima. Ploti hugawanywa kwa warithi, na mtu mmoja aweza kulima ploti mbili. Zaidi ya hayo, ardhi ya mipango ya makazi mara nyingi iliandikishwa kwa jina la mume, ilhali anayepanda, kupalilia na kuvuna aweza kuwa mke. Kiswahili hutofautisha vizuri "mwenye shamba", "mkulima" na "aliyeleta mahindi". Jedwali lenye safu moja tu ya "mwenye shamba" humfuta Nekesa katika hesabu kabla hajafika ghalani. Uteuzi wa jina la safu, kwa hiyo, si pambo la lugha. Ni uamuzi wa nani ahesabiwe na nani alipwe, na mwanagenzi anayenakili mfano wa duka hafikishwi kwenye uamuzi huo.

4. Uhusiano wa majedwali na upatanisho wa kisarufi

Hatua inayofuata katika kitabu cha mwongozo ni kugawa maarifa katika majedwali mawili au zaidi. Jedwali la "wakulima" huweka namba, jina na sehemu. Jedwali la "mapokezi" huweka namba ya stakabadhi, tarehe, magunia na namba ya mkulima. Jina halirudiwi katika mapokezi. Hurudiwa namba tu. Wanagenzi wengi huuliza kwa nini jina lisiandikwe kila mara, na vitabu hujibu kwa maneno mazito.

Msemaji wa lugha ya Kibantu ana jibu jepesi kinywani mwake. Katika sentensi:

(2) Kitabu kile kizuri kimepotea.

nomino "kitabu" hutajwa mara moja. Baada ya hapo, kiambishi ki- peke yake huonekana katika kionyeshi, kivumishi na kitenzi, na msikilizaji hujua kwamba vyote vyahusu kitu kimoja. Katika Lubukusu, ambako kitabu ni "sitabu" na wingi wake "bitabu", mambo ni hayo hayo kwa viambishi vya lugha hiyo. Hakuna asemaye "kitabu kitabu-kile kitabu-kizuri". Alama fupi hutosha kuunganisha sehemu za sentensi, na namba ya mkulima hufanya kazi ya namna hiyo kati ya majedwali. Manufaa yake ni kwamba kila jambo huandikwa mahali pamoja. Jina likiwa limekosewa herufi, husahihishwa mara moja, wala si katika stakabadhi mia.

Ulinganisho huu una mipaka, na mwalimu hana budi kuitaja. Kwanza, kiambishi huonyesha ngeli, nayo ina nomino nyingi. Namba tambulishi huonyesha mkulima mmoja tu. Pili, sentensi iliyovunja upatanisho husikika vibaya lakini aghalabu hueleweka, ilhali hifadhidata yaweza kuagizwa ikatae kabisa stakabadhi yenye namba ya mkulima asiyekuwamo. Mwanagenzi aliyeelewa kufanana na kutofautiana huko amelielewa somo lenyewe, si neno lake tu.

5. Tovuti, pengo na ng'

Hifadhidata ikiunganishwa na tovuti, mambo huenda hivi. Mkulima au karani hujaza fomu katika kivinjari cha simu. Kivinjari hupeleka ombi kwa seva. Programu iliyomo katika seva hutunga sentensi ya SQL kwa kutumia kilichojazwa, huipeleka kwenye hifadhidata, hupokea jibu, kisha huliandika jibu hilo kama ukurasa na kuurudisha kwenye simu. Kwa ufupi, programu ni karani wa dirishani: huchukua swali la mteja, hulipeleka chumba cha madaftari na kurudi na jibu.

Hatari imo katika kutunga sentensi. Mwanagenzi huanza kwa kuliunganisha jina lililojazwa moja kwa moja na amri zake. Kwa jina Wafula hakuna tatizo. Lakini katika majirani wa Tongaren wamo wenye majina kama Ng'etich, na sentensi huwa:

(3) SELECT sehemu FROM wakulima WHERE jina = 'Ng'etich';

Katika SQL, alama ya ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maneno ya kunukuliwa. Mashine husoma "Ng", huona alama ya pili na kudhani nukuu imekwisha. "etich" inabaki nje kana kwamba ni amri, na kazi hukwama. Herufi hii ni ya kila siku katika maandishi ya Kiswahili: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa. Anayefuata mifano ya majina ya Kiingereza aweza kumaliza kitabu kizima asikutane nayo, kisha akakutana nayo siku ya kwanza ya kazi.

Wanaisimu watatambua hapa tofauti ya zamani kati ya neno linalotumiwa na neno linalotajwa. Jina la mkulima lilipaswa kutajwa tu. Limepata nafasi ya kutumiwa kama sarufi. Mwenye nia mbaya aweza kujaza katika nafasi hiyo amri kamili, na daftari zima likasomwa au likafutwa. Tiba yake ni kuitunga sentensi ikiwa na pengo:

(4) SELECT sehemu FROM wakulima WHERE jina = ?;

Mashine huichanganua sarufi kwanza, pengo likiwa wazi, na jina hupelekwa baadaye kama jina tu. Lolote litakalojazwa haliwezi tena kugeuka amri.

Kuna jambo dogo zaidi linalohusu herufi hiyo. Simu nyingine huandika ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda. Kwa jicho la binadamu ni ng' ile ile. Kwa mashine ni herufi mbili mbalimbali. Ng'etich aliyeandikishwa kwa moja hatapatikana akitafutwa kwa nyingine. Inapasa programu izibadili zote kuwa za namna moja kabla ya kuhifadhi.

6. Kuhusu istilahi

Kazi ya kuunda istilahi imefanywa kwa muda mrefu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Leo kompyuta ina pia jina la "tarakilishi", linalotumiwa katika vitabu vya shule nchini Kenya, na hifadhidata ina pia jina la "kanzidata", yaani hazina ya data.

Wingi huo si msiba, mradi kitabu kimoja kishike istilahi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Msiba ni neno moja kubeba dhana mbili. Neno "safu" ndilo la kutahadhari, kwani mwalimu mmoja hulitumia kwa mstari wa kwenda kando na mwingine kwa mstari wa kwenda chini. Programu nyingine za kompyuta zimetatua jambo hilo kwa "safu mlalo" na "safu wima": moja imelala, nyingine imesimama. Istilahi hizo zastahili kufuatwa, kwa sababu zinajieleza zenyewe kwa msingi wa vitenzi na maneno ambayo mtoto huyajua.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba vikwazo vitatu vya mwanagenzi, yaani haja ya namba tambulishi, uhusiano wa majedwali na hatari ya pengo lisilolindwa, vyote ni mambo ya lugha kwa kiasi kikubwa, na kwamba Kiswahili na lugha ndugu zake zina nyenzo za kuvieleza. Kutafsiri kitabu cha duka na wateja hakutatosha. Kitabu kinachohitajika ni kile ambacho mifano yake imo Wafula zaidi ya mmoja, Nekesa asiye na hati ya shamba, na Ng'etich mwenye ritifaa. Kuandika kitabu hicho si kazi ya wahandisi peke yao. Idara za lugha zina wajibu wake, na mashapo ya kuanzia tayari yamo katika madarasa ya sarufi.