KIPYA KINYEMI, INGAWA KIDONDA
Maswali manne kabla ya kuipokea teknolojia mpya ya majitaka

Hapa Dzaleka tuko zaidi ya watu 50,000, na vyoo vinajaa haraka. Mtu akija na mtambo au dawa ya kusafisha majitaka, tunafurahi. Lakini kumbuka kwamba mlipuko wa kipindupindu wa 2022 na 2023 uliua zaidi ya watu 1,700 Malawi nzima. Basi kabla ya kupiga makofi, uliza:

1. Vijidudu vimekwenda wapi? Maji kuwa meupe na kukosa harufu si ushahidi. Omba majibu ya maabara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 ulisema maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100, wala yai moja la mnyoo kwa lita.

2. Imelinganishwa na nini? Zipo dawa za unga zinazosifiwa kwamba hupunguza kinyesi shimoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walizijaribu, wakalinganisha na mashimo yasiyotiwa dawa. Hawakuona faida ya maana.

3. Umeme ukikatika, itafanya kazi? Kule Kauma, Lilongwe, majitaka hupitishwa kwenye mabwawa, ambamo jua, mwani na bakteria hufanya kazi polepole. Njia hiyo ni ya zamani, ila haingoji umeme. Hata hivyo, tope lisipotolewa, bwawa nalo hushindwa.

4. Mradi ukiisha, nani atatengeneza, na kwa fedha ya nani?

Ubunifu si lazima uwe mashine. Peter Morgan wa Zimbabwe alibuni choo cha mashimo mawili mafupi, ambacho kimetumika pia Malawi. Kila ukijisaidia, unatia udongo na majivu. Shimo la kwanza likijaa unahamia la pili, na la kwanza unaliacha mwaka mzima mpaka ligeuke mbolea. Choo hicho hakihitaji umeme wala vipuri vya kuagizwa, na ukikitunza unajua uchafu wako umeishia wapi.

Kwa hiyo, wageni wakileta kitu kipya kwenye mkutano wa mtaa, mama, baba, kijana, usione haya kunyoosha mkono. Anayejua kazi yake hatachukia kuulizwa. Na hadi majibu yapatikane, funika tundu la choo, nawa mikono kwa sabuni, na usiwaache watoto wachezee maji ya mitaro.