Muziki unavyomtisha mtazamaji kabla ya simba kutokea

WAKAZI wa Bura, katika Kaunti ya Taita Taveta, hawahitaji filamu iwafunze kwamba simba huja kimya. Wanaishi jirani na nyika ya Tsavo, na wanyama hawajui mpaka. Hata hivyo, kisa cha simba wawili waliowala wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898 kilipogeuzwa filamu, The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, simba hao walipewa muziki.

Mtunzi wake alikuwa Jerry Goldsmith wa Marekani, aliyefariki mwaka 2004. Alichanganya mahadhi ya Kiairishi, yanayomwakilisha mhandisi John Patterson, mzaliwa wa Ireland, na sauti za waimbaji zenye ladha ya Kiafrika. Hivyo, kabla mhusika hajasema neno, sikio huwa limekwisha kuambiwa nani ni mgeni na nchi ni ya nani.

Hofu nayo ina kanuni zake. Sauti nzito huashiria kitu kikubwa kilicho karibu. Sauti zisizopatana huliacha sikio likingojea utulivu usiofika. Mapigo yakiharakishwa, mwili hujiandaa kukimbia ingawa mtu ameketi kitini. Lakini silaha kali kuliko zote ni ukimya: ala zinaponyamaza, zikabaki nyasi tu zikichakarisha, mtazamaji hujikunyata. Si ajabu kwamba mwaka 1997 filamu hiyo ilitunukiwa Oscar kwa uhariri wa sauti.

Hata hivyo, muziki hugawa pia huruma. Patterson ana mahadhi yake. Vibarua Waafrika na Wahindi, ambao ndio walioliwa, wengi hupita bila hata jina. Idadi yao yenyewe ina utata. Patterson alitaja watu 135, ilhali utafiti wa mwaka 2009 kuhusu mabaki ya simba hao, yaliyohifadhiwa katika makumbusho ya Field mjini Chicago, ulikadiria 35.

Tofauti kubwa kati ya sinema na maisha ni kwamba muziki humwonya mtazamaji, humnyima mhusika onyo hilo. Katika jambo hili, mkulima wa Bura anayerudi nyumbani magharibi imeingia yu upande wa mhusika: hapigiwi ngoma. Hana budi kutegemea masikio yake mwenyewe.