UZI: Ukifanyia kazi nyumbani, ni kaunti gani inafaidika na wewe?

Kila msimu wa kampeni lazima usikie hii: "Tutaleta faiba kila wodi, vijana wetu wafanye kazi za mtandaoni wakiwa hapa hapa, hakuna kuhamia Nairobi tena!" Watu wanapiga makofi. Leo tuifungue hiyo ahadi, bila kutaja mtu wala chama. 🧵

Wengi tulionja haya maisha 2020. Kisa cha kwanza cha Korona kilitangazwa Machi 13, siku mbili baadaye serikali ikasema wanaoweza wafanyie kazi nyumbani. Aprili Nairobi ikafungwa, hutoki huingii, hadi Julai. Ilipofunguliwa, kuna waliobeba laptopu na godoro wakaenda Nanyuki, Kilifi, Diani, ama ushago kabisa.

Hesabu yao ni rahisi. Mtu halipi kodi ya nyumba ya Kilimani kwa sababu Kilimani kuna hewa safi. Analipa kwa sababu kazi iko Upper Hill na jam imemchosha. Ondoa safari ya kila siku, sababu ya kulipa hiyo pesa inaisha.

Lakini wanaohama mbali hivyo ni wachache. Mwenye kuitwa ofisini siku mbili kwa wiki haendi Lamu. Anaenda Ngong, Kitengela, Ruiru, Juja. Anapata nyumba yenye nafasi, na bado anaweza kuwahi mkutano wa saa tatu. Hapo siasa inaanza, kwa sababu ameshavuka mpaka. Ngong na Kitengela ni Kajiado. Ruiru na Juja ni Kiambu.

Sasa fuata pesa. PAYE yake inaenda serikali kuu, aishi Nairobi ama Mandera. Makato ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri aongeze 1.5, pia yanaenda kitaifa. Katiba, kifungu cha 209, inaipa kaunti ushuru wa mali, yaani zile rates za mwenye ploti, ushuru wa burudani, na ada za huduma na leseni. Mshahara wa mtu kaunti haiugusi.

Kwa hivyo mgombea akikwambia wafanyakazi wa mtandaoni watajaza hazina ya kaunti, muulize: kupitia mlango gani? Faida ipo, lakini inazunguka. Mpangaji analipa landilodi, ananunua sukuma, anapanda boda, anapeleka mtoto shule ya hapo. Kaunti inapata kidogo kidogo kwa leseni za biashara na rates, kama wenye ploti wanalipa. (Wangapi wanalipa? Hiyo ni uzi wake.)

Basi kaunti si itapata mgao mkubwa kwa sababu watu wameongezeka? Ndiyo, lakini si leo. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zote 47 zigawane angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, na Seneti ndiyo huweka msingi wa kugawana. Idadi ya watu ni kati ya vigezo vizito. Idadi hiyo hutoka kwa sensa, na sensa ya mwisho ilihesabu watu pale walipolala usiku wa Agosti 24, 2019. Uliyehamia Kitengela 2021, kwa hiyo hesabu bado unalala Nairobi. Maji unayotumia, takataka unayotupa, barabara unayokanyaga, vyote viko Kajiado. Na kama hujui shida ya maji upande ule, muulize mtu wa Rongai akuhesabie mitungi.

Kuna wanaoumia ambao hawatajwi jukwaani. Mwalimu ama nesi wa Nanyuki anayepanga nyumba sasa anashindania nyumba ile ile na mtu wa mshahara wa Nairobi, wakati mwingine wa dola. Landilodi hana huruma, atampa anayeongeza. Na mama wa kibanda karibu na maofisi alizoea sahani za saa saba kila siku. Siku hizi Ijumaa anapika nusu sufuria. Yeye, fundi, nesi, konda, hawana cha kufanyia nyumbani.

Halafu faiba yenyewe. Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009, na kutoka hapo intaneti ikawa ya kasi. Lakini faiba bila stima ni waya tu. Mnakumbuka Agosti 25, 2023, giza karibu nchi nzima? Wa Nairobi huenda akakimbilia jengo lenye jenereta. Wa kijijini anamwandikia bosi kwa simu yenye chaji ya asilimia 9. Gridi ya taifa haiko mikononi mwa gavana, kwa hivyo anayeahidi faiba aseme pia atafanya nini kuhusu umeme, ama ni sola ataweka.

Jambo la mwisho, na hili ni letu. Wengi waliohama bado kura yao iko Nairobi ama ushago. MCA wa unakoishi hana sababu ya kukuogopa. Uhamisho wa kura unaombwa kwa ofisi ya IEBC ya eneo bunge, unaenda mwenyewe na kitambulisho, na dirisha hufungwa kabla ya uchaguzi, si wiki ya kupiga kura.