Pancha ya usiku wa barafu: Ufundi wangu wa Manzese ulivyogonga mwamba Marekani

Msomaji wangu, ukikutana na mtu anakwambia baridi ya Majuu ni kama ya Makete au Lushoto, jua huyo hajafika. Ya Makete unavaa koti, unapiga chai ya tangawizi, mambo yanakwisha. Ninayotaka kukusimulia leo ni baridi ambayo spana inakung'ang'ania mkono kama mtu anayekudai.

Kwanza nijitambulishe kidogo. Kabla sijaanza kuandika andika magazetini, mimi nilikuwa kijana wa pancha. Baada ya kumaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yale ya "jaribu tena", nikajikuta kijiweni Manzese, pembeni ya Barabara ya Morogoro, chini ya mwarobaini. Kompresa moja, beseni la maji ya kutafutia tundu, jeki mbili na maneno mengi. Pale nilikuwa na jina. Daladala likiingia na pancha, konda hajamaliza kuwatuliza abiria, mimi nimeshafunga tairi la akiba na mkono nimenyoosha nadai changu.

Sasa, mwishoni mwa mwaka 2018 kaka yangu anayeishi Minnesota, Marekani, akanitumia tiketi ya ndege nikamtembelee. Nilikuwa na miaka 20. Kijiwe kizima kilinisindikiza kwa mikelele. Nami moyoni nilikuwa na langu. Nilikuwa nimeandaa sentensi moja ya kumwambia kaka tukiwa wawili: "Bro, nipe mtaji wa kompresa yangu mwenyewe, nitoke kwenye kijiwe cha watu." Si yuko Marekani bwana? Kompresa kwake ni kitu gani!

TAA YA NJANO

Kaka na shemeji wanaishi Brooklyn Park, kitongoji kilicho karibu na jiji la Minneapolis. Waswahili wako, Waliberia ndio usiseme. Kaka anabeba mizigo kwenye ghala mchana, shemeji anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko St. Paul, zamu ya jioni mpaka saa tano usiku. Gari ni moja, saluni dogo la zamani. Kwa hiyo kila usiku kaka anamwamsha mtoto wa miezi minane, anamfunga kwenye kiti chake, wanakwenda kumchukua mama.

Usiku huo ulikuwa Jumanne, tarehe 29 Januari 2019. Ile wiki hata wenyeji wenyewe walikuwa wanaogopa. Redio ilikuwa inasema watu wasitoke bila sababu, shule zimefungwa, na kesho yake posta haitapeleka barua. Posta ya Marekani, msomaji! Friza yako ya nyumbani inayogandisha samaki mpaka wakawa mawe iko nyuzi 18 chini ya sifuri. Nje kulikuwa karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Yaani mtu akitaka kujipasha moto angeingia kwenye friza.

Tulipowasha gari nikaona taa ya njano kwenye dashibodi, alama ya tairi yenye mshangao katikati. Nikamuuliza kaka, "Hii vipi?" Akasema, "Ah, hiyo ina wiki sasa. Ni baridi tu."

Kwa upande mmoja alikuwa sahihi. Hewa ikipoa inasinyaa. Joto likishuka kwa nyuzi tano au sita za sentigredi, tairi linapoteza kama paundi moja ya upepo. Ukijaza 33 siku ya joto la nyuzi 15, ukifika usiku kama ule umebaki na 25 hivi, na hakuna tundu hata moja. Lakini fundi pancha yeyote atakwambia kwamba taa ya wiki nzima si ya kubahatisha. Nikanyamaza. Mgeni hakosoi mpishi.

Tulimchukua shemeji salama. Tukarudi kwa barabara kuu ya I-94. Mtoto kalala, shemeji anasinzia, kaka anapiga miayo. Tukapita juu ya shimo. Huko barafu inaingia kwenye nyufa za lami, inatanuka, inaibomoa. Puu! Gari likaanza kuyumba nyuma kama mlevi anayetafuta funguo. Kaka hakukanyaga breki kwa nguvu, maana kwenye barafu ungejikuta unaangalia ulikotoka. Aliachia mafuta taratibu, akalivuta pembeni, akawasha taa za tahadhari.

DAKIKA TANO ZA MANZESE

Kaka akapiga simu ya gari la msaada. Jibu: wateja ni wengi usiku huo, subirini saa mbili na nusu, pengine zaidi. Mafuta yalikuwa yamebaki robo tanki. Shemeji akamfunika mtoto kwa koti lake mwenyewe, hakusema neno.

Kaka akasema, "Tukae ndani, tusubiri."

Hapo ndipo Manzese ilipopanda kichwani. Nikamwambia, "Kaka, unasubiri nini na fundi unaye? Nipe dakika tano."

"Dogo, hii siyo Bongo."

"Tairi ni tairi, bro."

Nikafungua mlango. Msomaji, pumzi ya kwanza ilinikata puani, vinyweleo vya pua vikaganda papo hapo. Kwetu gari likiharibika unavunja matawi unayapanga barabarani, dereva anayekuja anajua mbele kuna tatizo. Pale nilitazama huku na huku, tawi la nani? Theluji tupu, imesukumwa pembeni na magreda kama kuta za kifusi. Nikafungua buti, nikatoa jeki na spana.

Nilikuwa na glavu nene alizoninunulia shemeji. Lakini ukivaa glavu zile huwezi hata kuikamata nati. Nikafanya kosa la maisha yangu. Nikavua ya kulia, na vidole vilikuwa na jasho la ndani ya glavu. Nikashika spana.

Iligoma kuachia, na wala sitanii. Chuma kinanyonya joto la mkono haraka sana, ule unyevu wa kwenye ngozi unageuka barafu, mkono na spana vinakuwa kitu kimoja. Nilitaka kuvuta kwa nguvu, na kidole kimoja kikaanza kuacha ngozi. Nilipiga yowe ambalo hata kule kijiweni hawajawahi kulisikia kwangu.

Shemeji akashuka mbio. Yeye ni mtu wa kuhudumia wagonjwa, akanifokea, "Usivute! Tulia!" Akarudi ndani, akatoka na chupa yake ya chai ya maziwa, iliyobaki kazini, ya uvuguvugu. Akanimiminia mkononi taratibu. Spana ikaachia. Nikataka kusugua vidole, akanizuia tena: ngozi iliyoganda haisuguliwi, unazidi kuiua. Akanisukuma ndani ya gari, "Weka kwapani, shem, ukae hivyo hivyo."

Fundi mzima wa Manzese, nimekaa siti ya nyuma, mkono kwapani, nimelowa chai, mtoto ameamka ananikodolea macho. Dakika zangu tano zilikuwa zimekwisha na hata nati moja haijalegea.

NILICHOKIONA KWENYE TAIRI

Bahati yetu, baada ya muda taa za bluu na nyekundu zikaanza kumulika nyuma. Polisi wa doria. Nikasema leo tumekwisha, maana kwetu trafiki akisimama usiku unaanza kupapasa mifuko. Yule bwana alikuja dirishani, akatazama mtoto, akasema mama na mtoto wahamie kwenye gari lake lenye joto. Akaliacha gari lake nyuma yetu na taa zinawaka ili wanaokuja wahame njia. Hakuomba hata senti.

Gari likiwa halina mtu ndani, kaka akaniambia, "Sasa njoo, vaa glavu, tufanye pole pole." Na hapo nikafundishwa kazi yangu mwenyewe na mbeba mizigo.

Kwanza alivuta raba za kukanyagia za ndani ya gari, akaziweka chini ya jeki, kwa sababu jeki juu ya barafu inateleza na gari linakuangukia. Pili, nati tulizilegeza tairi likiwa bado chini. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu inakula chuma, nati zilikuwa zimekaza kama zimechomelewa, ikabidi mmoja aegemee gari na mwingine apande juu ya spana kwa mguu. Tatu, tulipomaliza nati, ringi lenyewe likagoma kutoka, limeshikwa na kutu. Tukalipiga mateke pembeni, huku na huku, mpaka likatoka. Kila dakika chache tunaingia ndani kupasha mikono.

Lilipotoka nikalimulika kwa tochi. Ni mazoea tu, mtu wa pancha lazima alitazame tairi. Nikaliona limekwisha. Kipara! Meno hakuna, ubavuni waya zinachungulia. Nikamulika na la mbele yake. Kipara vile vile. Nikasema, "Kaka, haya matairi hata daladala la Mbagala wangeyatupa. Unatembezaje mtoto na haya?"

Kaka hakunijibu. Alikuwa anafunga tairi la akiba, lile jembamba kama la toroli, ananipa mgongo.

Tulirudi nyumbani mwendo wa kobe, maana tairi lile mwisho wake kilomita 80 kwa saa, na kwenye barafu hata hizo ni nyingi. Tulifika saa nane usiku. Mtoto akalazwa. Shemeji akanifunga kidole bandeji mezani jikoni, na akiwa ameinamia mkono wangu akasema kwa sauti ya chini, kaka asisikie:

"Shem, usimlaumu kaka yako. Matairi ya baridi tulikuwa tunaweka akiba toka Agosti. Ile hela ndiyo tiketi yako."

Nilikosa pa kuweka uso.

KWA WEWE UNAYEJIANDAA KUPANDA PIPA

Kabla sijamaliza, nikuachie machache, maana najua wengi wenu mna ndoto hizo.

Matairi ya kawaida yanaanza kuwa magumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, yanateleza hata kama ni mapya. Ndiyo maana kuna matairi ya baridi yenye mpira laini. Jimbo la Quebec huko Kanada ni sheria kabisa, gari lako liwe nayo kuanzia Desemba mosi mpaka Machi 15. Minnesota hakuna sheria hiyo, kila mtu na roho yake.

Pima upepo kila mwezi, na usisahau la akiba. Hayo madogo mengi yanataka paundi 60, na yakilala butini miaka mingi yanakuwa matupu.

Butini weka blanketi, koleo, tochi, mfuko wa mchanga na glavu nyembamba za kuvaa chini ya zile nene. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inaua betri.

Ukikwama, baki ndani ya gari, usianze kutembea kutafuta msaada. Ukiwasha injini ili upate joto, kwanza hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji. Ule moshi una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, watu wanalala hawaamki. Na jeki usiipandishe watu wakiwa ndani.

La mwisho halihusu matairi. Kaka yako akiwa Majuu, ukampigia simu umwombe hela ya simu mpya, ya sherehe, ya mtaji, kumbuka ile hela imetoka mahali. Hutaambiwa imetoka wapi. Atakwambia "poa, dogo, nitatuma," halafu ataendesha gari wiki nzima na taa ya njano imewaka.

Mimi nilikaa kule mpaka Machi. Tuliosha magari ya majirani? Hapana, viza ya matembezi hairuhusu kazi. Nilikuwa nalea mtoto jioni, ili asiamshwe tena usiku kwenda St. Paul, na kila asubuhi nilikuwa nashuka kupima upepo wa matairi yote manne. Glavu mbili mbili mikononi. Kaka alinunua matairi mawili katikati ya Februari, mengine mawili yakasubiri.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, akaniuliza, "Dogo, hukuwa na shida yoyote ya kuniambia? Maana ulipofika ulionekana una neno."

Nikamwambia, "Hamna, bro. Nilikuja kuwasalimia tu."

Ile sentensi ya kompresa sijaitoa mpaka leo. Na ncha ya kidole changu cha shahada, ikifika Juni na kabaridi ketu haka ka Dar, bado inawasha.